Orodha ya Watakaofeli Ina Kazi Gani?

Kila matokeo ya mtihani wa leseni ya uuguzi yanapotoka, vikao vya taaluma kwenye vyuo vyetu vya kusini mwa Tanzania hurudi kwenye swali lilelile: hawa walioanguka, hatukuwaona mapema? Nimekaa kwenye vikao hivyo kama mkufunzi, na jibu la kweli ni kwamba wengi wao tuliwaona. Aliyefundisha darasa moja kwa miaka miwili anaweza kukuandikia majina kwenye karatasi kabla hata ya mtihani, na hatakosea sana. Shida inaanza karatasi ikishaandikwa, kwa sababu haina pa kwenda. Inakunjwa, inaingia kwenye shajara, na mwaka unaofuata inaandikwa nyingine.

Siku hizi imeingia hamu ya kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta. Unakusanya alama za kidato cha nne, GPA (wastani wa alama) ya kila muhula, sapu (mitihani ya marudio) alizofanya mwanafunzi, umri wake, unaviingiza kwenye programu, nayo inakutolea asilimia: huyu ana nafasi kubwa ya kupata leseni, huyu ndogo. Sina ugomvi na hesabu. Ninachouliza ni kitu kimoja: mwanafunzi ambaye jina lake limetoka upande mbaya wa jedwali anapata nini siku inayofuata? Kama hapati kitu, tumenunua mashine ya kuandika karatasi ileile.

Kwa asiyeijua njia hii, cheti cha chuo peke yake hakimfanyi mtu kuwa muuguzi. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, anayempa mtu ruhusa ya kumhudumia mgonjwa ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na Baraza lina mtihani wake. Unaweza kumaliza ngazi ya sita, yaani stashahada, ya tuzo za NACTVET, wasimamizi wa elimu ya ufundi nchini, ukavaa joho, nyumbani wakachinja mbuzi, halafu ukarudi kukaa kibarazani kwenu bila leseni. Pasipo leseni huna ajira halali, iwe ya serikali, ya misheni au ya zahanati ya mtu binafsi. Kwa familia ya Tandahimba au Ruangwa iliyouza korosho misimu mitatu kumsomesha binti, huo ni msiba ambao hata matanga yake hayajulikani yakae siku ngapi.

Waliolichimba sana suala la utabiri ni Wamarekani. Mtihani wao wa leseni, NCLEX, unafanyika kwa kompyuta tangu 1994, na kompyuta hiyo inampimia kila mtahiniwa maswali yake: ukipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linashuka, mpaka mashine iridhike kwamba umevuka mstari au hujavuka. Vyuo vya kwao vinahukumiwa kwa idadi ya wanaofaulu mara ya kwanza. Kikishuka sana, chuo kinaingia kwenye uangalizi wa bodi ya jimbo. Ndiyo maana watafiti wao wameandika makala kwa mamia kutafuta dalili za mapema: alama za sayansi za kuingilia, wastani wa masomo ya uuguzi, alama za uuguzi wa watu wazima, idadi ya kozi alizorudia mwanafunzi, lugha aliyokulia, saa anazofanya kibarua nje ya masomo. Kisha yapo makampuni yanayouza mitihani ya majaribio ya kufungia masomo, na mitihani hiyo ndiyo mara nyingi inayoonekana kutabiri vizuri kuliko vyote.

Hapo pana kichekesho. Mtihani wa majaribio unaofanana na wenyewe, ukitolewa wiki chache kabla ya wenyewe, lazima utabiri vizuri. Mvuvi wa Shangani naye, wingu likishafika juu ya ngalawa yake, hakosei mvua. Utabiri wa dakika za mwisho una uhakika mkubwa na faida ndogo, kwa sababu muda wa kufanya chochote umekwisha. Ule wa mapema, siku mwanafunzi anaporipoti na tranka lake, ungekuwa na faida kubwa, lakini uhakika wake ni mdogo sana. Anayeuza mfumo wa utabiri atakuonyesha uhakika. Muulize ni uhakika wa mwezi gani.

Kwa nini wa mapema ni dhaifu? Chukua vyuo vyetu. Anayetaka stashahada ya uuguzi na ukunga anatakiwa awe na angalau D nne za kidato cha nne, zikiwemo za Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa hiyo kila aliyemo darasani ameshapita kwenye chekeche hilo, na wengi wamefungana kwenye alama zinazokaribiana. Ukishawachuja watu kwa kigezo fulani, kigezo hichohicho hakiwezi tena kukutofautishia sana waliobaki. Mwenye C ya Biolojia na mwenye D hawaachani kwa mengi baada ya miaka mitatu ya kukesha wodini. Nimeona wenye D wakiwa wakunga wa kutegemewa, na nimeona waliokuja na alama nzuri wakidisko, yaani wakiondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa pili. Bado kuna wakuu wa vyuo wanaoamini kwamba dawa ya matokeo mabaya ni kuongeza alama za kuingilia. Hilo litapunguza wanafunzi kabla halijapunguza wanaofeli.

Ngoja tufanye hesabu kidogo, ya kubuni lakini ya kweli kwa mantiki yake. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na mwisho wa yote 50 watafaulu na 10 watafeli. Una chombo kizuri cha utabiri, kinachowanasa watu 8 kati ya kila 10 watakaofeli, na kinachowaacha salama 8 kati ya kila 10 watakaofaulu. Kwa wanafunzi hawa kitanasa 8 kati ya wale 10. Safi. Lakini katika wale 50 watakaofaulu, kitawapaka rangi nyekundu 10 pia. Orodha yako ya hatari ina majina 18, na zaidi ya nusu yao wangefaulu bila wasiwasi. Kuna jingine. Chombo chako kimepatia kwa watu 48 kati ya 60, yaani asilimia 80. Mtu asiye na kompyuta wala kalamu, aliyesema tu "wote watafaulu", amepatia kwa 50, asilimia 83. Mjinga amemshinda mtaalamu kwa sababu ya jambo moja tu: wanaofeli ni wachache, na kitu kichache ni kigumu kukitabiri.

Hii haina maana kwamba chombo hakina kazi. Mjinga wetu hakumwona hata mmoja wa wale 10, na chombo kimewaona 8. Tofauti yote iko kwenye kile unachotaka kuwafanyia wale 18. Ukitaka kuwakalisha jioni na mkufunzi wa famakolojia, somo la dawa, kosa la kuwaingiza wale 10 wasiohitaji halina gharama. Watasoma zaidi, basi. Ukitaka kuwazuia wasiandikishwe kwenye mtihani, umewaumiza watu 10 kwa dhambi ambayo hawajaitenda na wasingeitenda. Chombo ni kilekile, namba ni zilezile. Kilichobadilika ni nia ya ofisi.

Wamarekani walipita njia hiyo ya pili. Vyuo kadhaa viliweka kwamba usipofikisha alama fulani kwenye mtihani wa majaribio, huhitimu, hata kama kozi zote umefaulu na ada yote umelipa. Malalamiko yakawa mengi hadi mwaka 2012 taasisi ya National League for Nursing ikatoa mwongozo wa upimaji wa haki, ikiviasa vyuo visitegemee mtihani mmoja kumwamulia mwanafunzi hatima yake. Hapa kwetu hatuna mitihani ya majaribio ya kununua, lakini nia hiyo ipo, inavaa nguo nyingine. Mwanafunzi anaambiwa "subiri awamu ijayo", "malizia kwanza vitendo vyako", "jina lako bado halijakaa sawa kwenye mfumo". Matokeo ya chuo yanapendeza na yeye anabaki nje ya hesabu.

Kabla sijaondoka Marekani, kuna kitu kimoja kinachopaswa kumtuliza kila anayeuza utabiri. Mwaka 2022, kati ya waliosomea Marekani na kufanya NCLEX ya wauguzi waliosajiliwa kwa mara ya kwanza, waliofaulu walikuwa karibu asilimia 80. Mwaka 2023 walikuwa zaidi ya asilimia 88. Vyuo vilevile, wakufunzi walewale kwa sehemu kubwa. Kilichotokea katikati ni kwamba Aprili 2023 mtihani wenyewe ulibadilishwa muundo, ukaingiza maswali ya visa vinavyojijenga hatua kwa hatua, na wanafunzi waliosomea kwenye vifungo vya korona wakaanza kupungua. Aliyejenga utabiri wake kwa takwimu za 2022 alikuwa amepima mvua ya mwaka uliopita. Sisi, ambao mitaala, mfumo wa upimaji na hata ngazi za mafunzo vimebadilika mara kadhaa, tuwe na unyenyekevu maradufu. Chuo chenye wahitimu 40 kwa mwaka, ambao 5 wameanguka, hakina takwimu za kujengea mfumo wowote. Kina majina matano, na majina matano unaweza kuyaita ofisini ukaongea nayo.

Na ukiongea nayo, huku Mtwara na Lindi, utakutana na korosho.

Mwaka wa masomo unaanza kati ya Septemba na Oktoba. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na hela ya mkulima inaingia benki baada ya mnada, baada ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kupeleka majina, baada ya chama kikuu cha ushirika kumaliza mahesabu yake. Kwa wengi ni Novemba au Desemba. Yaani ada inadaiwa katika miezi ambayo kaya ya mkulima ina ukavu mkubwa kuliko yote ya mwaka. Mzazi mwenye bahati anakopa. Asiye nayo anauza kangomba: anachukua hela ya mchuuzi kabla korosho haijaiva vizuri, kwa bei ya kunyongwa, ili mtoto aripoti. Na anayekataa kangomba, akasubiri mnada kama serikali inavyomtaka, mtoto wake anaripoti amechelewa wiki tatu au anaripoti na nusu ya malipo.

Sasa fuata njia ya mtoto huyo. Jaribio la kwanza la anatomia limempita. La pili anasimamishwa mlangoni kwa sababu jina lake halipo kwenye orodha ya mhasibu. Anafanya sapu. Zamu za wodini anazikosa kwa sababu siku za katikati ya wiki yupo nyumbani kufuatilia malipo, nauli ya Newala kwenda mjini na kurudi juu yake. GPA yake ya muhula wa kwanza inatoka mbaya, na baadaye programu inaitazama GPA hiyo na kusema: uwezo mdogo. Mashine imesoma bei ya korosho ikadhani imesoma akili ya mtoto.

Wanaokumbuka msimu wa 2018 hawahitaji kuelezwa. Wanunuzi walipotoa bei zilizokataliwa, serikali ikaamua Novemba kuinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuibeba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini uhakiki wa wakulima ukachukua muda, malipo ya wengine yakasogea hadi mwaka uliofuata, na vyuo vya huku vikawa na viti vitupu hadi muhula wa kwanza ukaisha. Mtafiti atakayechukua darasa la mwaka ule na kulilinganisha na mengine bila kujua habari ya uhakiki, ataandika mambo ya ajabu.

Kwa hiyo kama ningepewa nafasi ya kuchagua dalili moja tu ya kufuatilia, ningeacha alama za kidato cha nne, ningechukua daftari la mhasibu la mwezi Novemba. Halina siri wala teknolojia. Na dawa yake inajulikana: awamu ya kwanza ya ada iwe ndogo, kubwa isogee Januari. Vipo vyuo vinavyofanya hivyo kimyakimya kwa mwanafunzi ambaye mzazi wake amekuja na barua ya AMCOS. Kifanywe utaratibu, kisibaki hisani ya mhasibu mwenye moyo.

Dalili ya pili iko wodini, na hii ni ngumu zaidi kuisoma.

Mtihani wa leseni mzuri hauulizi unajua nini. Unauliza ungefanya nini. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba. Kipimo cha magnesiamu salfeti kila mwanafunzi anakijua usingizini: gramu 4 kwenye mshipa taratibu, gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4. Sasa swali linakuja hivi: saa 4 zimepita, sindano inayofuata imefika wakati wake, mama anapumua mara 12 kwa dakika, ukigonga goti mguu hauchezi, na mfuko wa mkojo una mililita 60 tangu sindano iliyopita. Utafanya nini kwanza? Aliyekariri kipimo anachagua "mpe gramu 5", na anatoka chumbani akijisifu kwamba swali lilikuwa rahisi. Aliyewahi kusimama pembeni ya mkunga mzoefu anajua kwamba kabla ya kila sindano kuna vitu vitatu: pumzi zisipungue 16, goti lijibu, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Hapa vyote vitatu vimekataa. Sindano inasimama, daktari anaitwa, kalisiamu glukonati, dawa ya kuipinga magnesiamu iliyozidi, inaandaliwa.

Darasani tunapima lile la kwanza, unajua nini, na tunalipa alama. Ndiyo maana GPA nzuri inaweza kudanganya. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu kali anavuka mihula yote kwa pasti pepa, anakuja kukwama kwenye swali la goti.

Chuo kingesema: lakini tunayo kumbukumbu ya vitendo, kila mwanafunzi ana kitabu chake, na kila zoezi lina sahihi ya msimamizi. Nenda ukavifungue vitabu hivyo. Katika vingi utakuta sahihi za wiki nne zimewekwa siku moja, kalamu moja, wino mmoja, Ijumaa ya mwisho ya mzunguko, wakati sista inchaji, muuguzi mkuu wa wodi, anataka kwenda zake nyumbani na wanafunzi kumi wamejipanga mlangoni. Simlaumu sana. Wodi ya wazazi ina mkunga mmoja na wanafunzi wa vyuo viwili wamezunguka kitanda kimoja. Akisema amfundishe kila mmoja, nani atampokea mtoto? Lakini kitabu kilichojaa kwa kila mwanafunzi hakimtofautishi yeyote na yeyote. Ukikiingiza kwenye programu kama "saa za vitendo", programu itakuambia kwamba saa za vitendo hazina uhusiano na kufaulu, na kuna mtu atakayeliamini hilo na kupunguza siku za wodini.

Yupo mtu mwenye taarifa za kweli, na hatumuulizi. Ni huyohuyo inchaji. Muulize kwa mdomo, kwenye hospitali za huku, pale Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao: kati ya hawa wa zamu hii, nani ungemwachia wodi usiku? Hatasita. Atakutajia watatu, na atakutajia mmoja ambaye anajificha nyuma ya wenzake kila mgonjwa anapoletwa. Jibu hilo la dakika moja lina thamani kuliko kurasa arobaini za sahihi. Linahitaji mkufunzi atoke ofisini na kwenda wodini, jambo ambalo nalo linahitaji mafuta ya gari, na hapo ndipo mjadala wa kitaaluma huwa unaishia.

Kuhusu lugha nitasema kifupi. Mtoto wetu amesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari na chuo kwa Kiingereza, wodini anarudi kwenye Kiswahili, na bibi wa Nanyamba anamjibu kwa Kimakonde. Swali la mtihani linaweza kumtupa kwa kutoliona neno dogo lenye maana ya "isipokuwa" au "kwanza" lililojificha katikati ya mistari mitano ya Kiingereza. Hilo halipimi uuguzi, lakini mtihani upo hivyo. Mwanafunzi mwenye tatizo hili anaonekana tangu muhula wa kwanza: kwa mdomo, kwa Kiswahili, anajibu vizuri, kwenye karatasi anapotea. Kumfundisha kusoma swali polepole ni kazi ya wiki chache, na chuo ambacho hakifanyi kazi hiyo kisije kusema kimeshangazwa na matokeo.

Hisabati pia. Waliofaulu somo hilo kidato cha nne ni wachache nchi nzima, hawafiki theluthi ya watahiniwa, na vyuo vya uuguzi havilifanyi kuwa sharti. Ukiwa nalo ni faida ya ziada. Sawa. Lakini mililita 1,000 za dripu ziingie kwa saa 8, mrija unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Ni 42 kwa kukadiria, na anayezigawa vibaya atakuwa amemzamisha mgonjwa wa moyo. Wengi walioanguka Hisabati wanaimudu hesabu hii wakifundishwa kwa dripu iliyotundikwa na saa ya mkononi, na F yao ya kidato cha nne haikutabiri hilo. Ilitabiri tu kwamba walikaa madarasa ya sekondari yasiyokuwa na mwalimu wa Hisabati.

Kuna dalili moja ambayo Marekani wameithibitisha tena na tena na sisi tunaichezea: muda kati ya kumaliza chuo na kukaa kwenye mtihani. Kadiri unavyokuwa mrefu, ndivyo nafasi ya kufaulu inavyopungua. Na anayerudia hali yake ni ngumu zaidi; mwaka 2022 waliosomea Marekani wakarudia NCLEX, waliofaulu hawakufika nusu. Mhitimu wetu anarudi Liwale au Nanyumbu. Kule hakuna wodi anayoingia, hana vitabu, intaneti ya kuokoteza, na kuna shamba linahitaji palizi. Kila mwezi unaopita unakula alichojifunza. Chuo kimeshamfuta kwenye daftari kwa sababu amemaliza. Wiki hizo ndizo za hatari kuliko zote, na ndizo ambazo hakuna mtu anayezimiliki. Kundi la WhatsApp lenye mkufunzi mmoja anayetuma visa vitano kila jioni lingesaidia kuliko mfumo wowote wa kutabiri, na gharama yake ni bando.

Kuna wenzangu ambao hawataki kusikia haya. Wanasema tunawabeba wanafunzi dhaifu, na mwisho wa kuwabeba ni mgonjwa kufa. Hoja yao naiheshimu. Lakini lango la kumlinda mgonjwa lipo, ni mtihani wa Baraza, na chuo hakikupewa kazi ya kujenga lango jingine la siri mbele yake. Tena wapo wanafunzi ambao kweli uuguzi si wao, na hao wanastahili kuambiwa mwaka wa kwanza, kwa adabu, mzazi akiwepo, ada ya miaka miwili ikiwa bado mfukoni. Anayeambiwa mwaka wa tatu ameibiwa.

Kwa hiyo karatasi yenye majina iandikwe, kwa mkono au kwa kompyuta, sijali. Iandikwe mwisho wa muhula wa kwanza, siyo mwezi wa mwisho. Isibandikwe kwenye ubao wa matangazo, maana mtoto akishaitwa "wa kufeli" mbele ya wenzake atafeli bila msaada wa mtihani. Ikae kwa mkufunzi mmoja mwenye jina, mwenye saa zilizotengwa kwenye ratiba, na anayeulizwa mwisho wa mwaka: kati ya hawa 18, wangapi wamevuka? Chombo cha utabiri kikionekana kimekosea sana kwa sababu wengi wa waliotabiriwa kufeli wamepata leseni, mkufunzi huyo apandishwe cheo.

Na chuo kinapotundika bango getini kwamba watahiniwa wake wamefaulu kwa asilimia 100, mzazi anayekuja na hela ya korosho aulize swali moja kabla ya kulipa: mwaka ule waliingia wangapi? Kama waliingia 60 na waliofanya mtihani ni 41, aulize wale 19 wako wapi, na asiondoke kwenye benchi la msajili mpaka apewe jibu.